Maharage makavu: kununua kwa wingi, kuyatunza yasibunguliwe na kuyapika kwa moto kidogo

Bei ya kilo unayolipa dukani ni sehemu tu ya gharama ya maharage. Sehemu nyingine inaungua jikoni. Maharage ya msimu huu, yakilowekwa vizuri, huiva kwa saa moja au saa moja na nusu. Yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu yanaweza kuchemka saa tatu na bado ukitafuna unakuta kiini kigumu. Kwa hiyo maharage ya bei nafuu yaliyozeeka ni ghali, na gunia la bei nzuri lililoingiliwa na fukusi ni hasara tupu. Ukijua kuchagua, kukausha na kupika kwa mkupuo, hapo ndipo akiba ya kweli inapopatikana.

Hatua ya 1: Kagua kabla ya kulipa

Usinunue zaidi ya kiasi mtakachomaliza ndani ya miezi mitatu au minne. Nyumba inayopika kilo moja kwa wiki inahitaji kilo 12 hadi 16, basi. Kinachozidi hapo kinazeeka mikononi mwako.

Ingiza mkono hadi katikati ya gunia, usiridhike na yale ya juu. Chota kiasi, mwaga kwenye kitambaa cheupe au sahani pana, uhesabu punje 100. Tafuta mambo haya:

- Matundu ya duara, safi kama yaliyotobolewa kwa sindano nene. Hapo mdudu ameshatoka.
- Kidoa cha duara kilichofifia, ganda likiwa jembamba kama karatasi. Hili wengi hawalioni. Ni dirisha: buu amekula ndani hadi kukaribia ganda, na sasa anasubiri kugeuka fukusi. Likwangue kwa ukucha, litapasuka.
- Unga mwepesi unaobaki kwenye kitambaa baada ya kuondoa punje.
- Rangi iliyogeuka. Maharage yanapozeeka rangi hukolea kuelekea kahawia na mng'ao hupotea. Mzigo wenye punje za rangi mbalimbali za aina ileile mara nyingi umechanganywa mapya na ya zamani, na hayo hayataiva pamoja hata ufanyeje.
- Ukungu, au harufu ya chumba kilichofungwa. Acha mara moja. Ukungu hauoshwi ukaisha.

Zikipatikana zaidi ya tano mbaya kati ya 100, tafuta pengine. Dirisha moja tu lenye buu hai linatosha kukufanya uyagandishe maharage yote kabla ya kuyaweka ghalani, kama ilivyoelezwa kwenye hatua ya 2.

Kipimo kinachozidi vyote: nunua nusu kilo kwanza, loweka, pika, angalia saa. Yakiiva ndani ya dakika 90, rudi ukachukue mzigo kutoka gunia lilelile.

Ukavu nao upimwe. Ng'ata punje: kavu huvunjika kwa mlio, mbichi hubonyea na kuacha alama ya meno. Ukitaka uhakika zaidi, tumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia vijiko viwili au vitatu vya mezani vya chumvi iliyokaushwa kwenye kikaango, jaza maharage hadi theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika moja, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi takriban asilimia 15 na hayafai kuhifadhiwa bado. Yaanike yakauke.

Hatua ya 2: Ua mayai, ndipo uhifadhi

Peta na chambua kwanza. Toa mawe, punje zilizovunjika, zilizotoboka na zenye makunyanzi.

Hata mzigo unaoonekana safi unaweza kuwa na mayai, kwa sababu fukusi wa maharage huanza kazi shambani kabla ya kuvuna. Kama una friza, gawa kwenye mifuko ya kilo moja au mbili, funga, gandisha kwa nyuzi −18 kwa siku 7. Usiweke mfuko mmoja wa kilo kumi: katikati hupoa polepole mno, na mayai ya pale yanaweza kupona. Ukitoa, usifungue mfuko mpaka upate joto la chumba, kama saa 24. Ukifungua ukiwa bado wa baridi, umande unatua juu ya punje, na umejiletea ukungu uliokuwa ukiukimbia.

Kama huna friza, tumia jua. Tandika plastiki nyeusi mahali pakavu, mwaga maharage yasizidi unene wa sentimita mbili au tatu, funika na plastiki angavu, kandamiza kingo zote kwa mawe. Jua kali la saa chache hupandisha joto la ndani kuliko mdudu anavyoweza kuvumilia. Acha yapoe kabisa kabla ya kufungia. Yakifungiwa na moto wake, mvuke utageuka maji ndani ya chombo.

Sasa chombo. Chupa za plastiki za maji ni nzuri sana kwa kazi hii, mradi zimeoshwa na kukauka siku mbili au tatu zikiwa wazi. Jaza hadi shingoni, gongagonga chini ili punje zishuke, ongeza, funga kwa nguvu. Kujaza kuna maana yake: hewa ikiwa kidogo na haiingii nyingine, mdudu aliyebaki anaimaliza mwenyewe na kufa. Chupa iliyojaa nusu haifanyi kazi hiyo. Ndiyo maana chupa kumi ndogo ni bora kuliko ndoo moja unayoifungua kila wiki.

Kama ndoo ndiyo pekee uliyonayo, usiijaze. Iachie nafasi, funga, na uibiringishe asubuhi na jioni. Aina mojawapo kubwa ya fukusi wa maharage hutaga mayai yakiwa huru kati ya punje, na kibuu kilichoanguliwa huhitaji muda wa kutulia mahali pamoja ili kitoboe ganda. Ukikisogeza mara kwa mara, kinaanza upya kila siku mpaka kinaishiwa nguvu.

Andika tarehe. Weka mahali pa baridi na giza, mbali na jiko. Joto likichanganyika na unyevu ndilo linaloyafanya maharage kuwa sugu kwa moto, na ugumu wa namna hiyo haurudi nyuma.

Hatua ya 3: Kuloweka kwa chumvi

Kwa kilo moja ya maharage: maji lita 4, chumvi vijiko vitatu vya mezani. Koroga iyeyuke, tia maharage, acha saa 8 hadi 12.

Kuna imani kwamba chumvi hukaza maharage. Kwenye kuloweka ni kinyume chake. Ganda la haragwe limeshikanishwa na kalsiamu na magnesi; chumvi inaingiza sodiamu mahali pake, ganda linalegea, linaiva sawa na kiini na halipasuki ovyo.

Chumba kikiwa na joto, usipitishe saa 12. Ukiona vipovu vinapanda na harufu ya uchachu, yameanza kuchacha. Yaloweke kwenye friji, au badilisha maji katikati.

Umesahau kuloweka usiku? Chemsha dakika mbili au tatu, zima, funika, acha saa moja. Matokeo hayalingani na ya usiku mzima lakini yanatosha.

Maji ya kulowekea yamwagwe siku zote, kisha suuza. Yanabeba sehemu ya sukari zile zinazochacha tumboni na kuleta gesi, pamoja na chumvi uliyoitia.

Hatua ya 4: Kuchemsha

Hapa pana jambo la afya ambalo halina mjadala. Maharage mabichi, hasa mekundu yenye umbo la figo, yana sumu ya asili iitwayo lektini. Punje nne au tano mbichi zinaweza kumtapisha mtu ndani ya saa chache. Sumu hiyo inavunjwa na maji yanayotokota kwelikweli. Moto wa chini usiofikia mchemko hauivunji, na katika nyuzi 80 hivi sumu inaweza hata kuongezeka. Kwa hiyo sufuria ya umeme ya kupika polepole isipewe kamwe maharage mekundu ambayo hayajachemshwa.

1. Tia maji mapya, yazidi maharage kwa upana wa vidole vitatu.
2. Chemsha moto mkali hadi yatokote, bila mfuniko, uondoe povu.
3. Endelea kuyatokosa dakika 30 kamili tangu yalipoanza kutokota. Dakika 10 huvunja sumu, lakini nusu saa inakupa uhakika hata punje zilizo katikati ya sufuria kubwa.
4. Punguza moto, funika, acha yachemke taratibu. Maji yakipungua ongeza ya moto. Ya baridi yanakatiza mchemko na kukulazimu kuchoma gesi au kuni upya.
5. Baada ya dakika 45 tangu kuanza, toa punje tano kutoka pande tofauti za sufuria. Kila moja iponde kwa ulimi dhidi ya kaakaa. Nne laini na moja ngumu maana yake bado.

Nyanya, limau, siki na ukwaju vikae mbali mpaka yaive. Asidi inazuia ganda kulainika, na hili ndilo kosa linalopoteza moto mwingi kuliko yote ninayoyajua jikoni. Mafuta, kitunguu na viungo havina neno.

Kwa sufuria ya presha, usijaze kupita nusu, maana povu la maharage linaweza kuziba tundu la mvuke. Kijiko kimoja cha mafuta hupunguza povu. Maharage yaliyolowekwa huchukua dakika 10 hadi 15 tangu presha ipande, kisha zima na uache ishuke yenyewe. Ukiitoa kwa haraka, maganda yanapasuka na mchuzi unakuwa uji.

Asiye na presha atumie kapu la kuhifadhi joto. Baada ya zile dakika 30 za kutokota, funika sufuria, itoe jikoni ikiwa bado inachemka, ifunge kwa blanketi nene ndani ya kapu au boksi lililojazwa nguo, pande zote na juu. Acha saa tatu au nne bila kuchungulia. Sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili, kwani ndogo hupoa haraka. Ukiifungua, irudishe jikoni ichemke tena kabla ya kula. Ukikuta imepoa kiasi cha kuweza kuishika bila kitambaa, kapu lako halikufungwa vizuri. Liongezee nguo safari nyingine.

Hatua ya 5: Kupoza na kugandisha

Kilo moja kavu hutoa karibu kilo mbili na nusu zilizoiva, yaani mafungu manane ya gramu 300. Kama utagandisha, zima moto pale tu yanapoiva, yasisubiri kulainika kupita kiasi.

Sufuria kubwa ikiachwa mezani hadi asubuhi, katikati yake inabaki vuguvugu kwa saa nyingi, na mbegu za bakteria zilizostahimili mchemko huamka. Gawa kwenye sinia au bakuli zisizozidi kina cha sentimita tano, zikalishe ndani ya beseni la maji baridi, badilisha maji yakipata joto. Lengo ni yapoe vya kutosha kuingia friji ndani ya saa mbili.

Yatie kwenye mifuko au vyombo pamoja na mchuzi wake, kiasi cha kuyafunika. Yasiyofunikwa hukauka na kuwa ya unga. Chombo kigumu kiachiwe sentimita mbili juu kwa sababu mchuzi hutanuka ukiganda. Mfuko ulazwe bapa. Friji inayatunza siku tatu hadi nne, friza miezi mitatu hadi sita kabla ladha haijapungua. Kuyatumia, yahamishie friji usiku au yatie moja kwa moja kwenye mchuzi unaochemka.

Asiye na friji apike ya siku moja tu. Kuchemsha chungu kilekile asubuhi na jioni huua vijidudu, lakini sumu ambayo baadhi yao wameshaiacha haivunjwi na moto wa jikoni. Na usijaribu kuyafungia kwenye chupa za kioo kwa kuzichemsha ndani ya maji ili yakae rafuni: mbegu za bakteria wa botulismi, sumu ya chakula inayoweza kuua, hustahimili nyuzi 100, na maharage hayana asidi ya kuwazuia.

Yakigoma kuiva

Saa mbili zimepita na bado magumu? Kama hukutia asidi, basi ama yamezeeka ama maji yako yana chokaa nyingi. Tia nusu kijiko cha chai cha soda ya kupikia, ile baikaboneti ya unga mweupe, kwa kilo moja ya maharage. Usizidishe: ladha inakuwa ya sabuni, rangi inafifia na vitamini B1 inaharibika. Kwa mzigo uliobaki, iweke soda hiyo kwenye maji ya kulowekea, na kama unashuku maji, tumia ya mvua.

Maganda yamepasuka na ndani bado pagumu: moto ulikuwa mkali muda wote, au hukuloweka. Mengine yamepondeka na mengine mabichi ndani ya sufuria moja: mzigo umechanganywa. Huo upike kwa presha na uuponde wote uwe rojo, na gunia lijalo lihesabiwe punje 100 kabla fedha haijatoka mfukoni.