Jinsi ya Kuomba Kuunganishwa na Mtandao wa Majitaka kwa Kundi la Nyumba: Mwanza na Miji Midogo ya Kando ya Ziwa

Mwongozo huu unawahusu wenye nyumba waliojenga katika eneo moja, wasimamizi wa nyumba za watumishi na viongozi wa mitaa wanaotaka majitaka ya nyumba zao yapokelewe na mfumo wa umma, badala ya kuendelea kuita gari la kunyonya kila makaro yanapojaa. Nashauri tangu mwanzo kwamba ombi lipelekwe kwa pamoja. Sehemu kubwa ya gharama huwa katika bomba linalotoka kwenye mtandao hadi eneo lenu, nalo likishachimbiwa linaweza kuhudumia nyumba ishirini kama linavyohudumia nyumba moja.

Kwanza jueni ombi linapelekwa kwa nani. Jijini Mwanza, yaani Nyamagana na Ilemela, mwenye mtandao ni MWAUWASA, mamlaka ya majisafi na usafi wa mazingira ya jiji. Katika miji ya wilaya, tazameni jina lililoandikwa juu ya ankara yenu ya maji, kwa kuwa aliyewauzia majisafi ndiye wa kuanza naye. Vijijini mlango ni ofisi ya wilaya ya RUWASA, yaani wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, pamoja na chombo cha watumia maji cha ngazi ya jamii kinachoendesha mradi wenu. Wote hawa wanafanya kazi chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, na bei zinazotozwa na mamlaka za maji hupitishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji.

Kabla ya kuandika barua yoyote, chunguzeni kimo cha ardhi yenu. Majitaka husafiri kwa mteremko, na bomba la nyumbani la milimita 100 huhitaji kushuka takribani mita 1 katika kila mita 40 hadi 60. Nyumba iliyo chini kuliko bomba la barabarani haitaunganishwa bila pampu, na pampu ina umeme wa kulipia na fundi wa kuitengeneza. Mwanza ina tatizo jingine linalojulikana na kila aliyewahi kuchimba shimo la choo Mabatini, Igogo au Isamilo: mwamba. Ndiyo sababu kwenye vilima hivyo hutumika mtandao rahisishi, wenye mabomba membamba yanayopita kwa kina kifupi katikati ya nyumba, mahali ambapo gari haliwezi kufika wala mtaro wa kina kirefu hauwezi kuchimbwa. Kama mnaishi kilimani, ombeni mfumo huo kwa jina lake, maana barua inayosema tu "tunaomba huduma ya majitaka" inaweza kujibiwa kwamba bomba kuu liko mbali.

Sasa andaeni nyaraka. Barua ya maombi isainiwe na wawakilishi waliochaguliwa katika kikao, ikiwa na muhtasari wa kikao hicho na orodha ya wenye nyumba wote wanaokubali kuunganishwa, pamoja na namba za mita zao za maji. Ambatisheni nakala za vitambulisho vya taifa, uthibitisho wa umiliki wa viwanja, barua ya utambulisho kutoka kwa Mtendaji wa Mtaa au Kijiji, na mchoro wa eneo unaoonyesha nyumba, vyoo, makaro yaliyopo na njia mnayopendekeza bomba lipite. Iwapo bomba litapita katika kiwanja cha mtu ambaye hayumo kwenye ombi, pateni ridhaa yake kwa maandishi mapema, mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Karatasi hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote, na ndiyo inayosimamisha kazi wakati mtaro umeshafika kwenye uzio wa jirani.

Baada ya ombi kupokelewa, mafundi wa mamlaka watakuja kupima. Hakikisheni yupo mtu anayejua kila chemba ilipo, na waulizeni papo hapo kina cha bomba mtakalounganishwa nalo. Makisio ya gharama yakishatolewa, lipieni kwa kumbukumbu namba mtakayopewa, kupitia benki au simu, na msimkabidhi mtu yeyote fedha taslimu hata akiwa amevaa sare.

Kazi ya ndani ya viwanja huwa juu yenu. Wekeni chemba penye kila kona na kila makutano ya mabomba, kisha msifukie chochote kabla mkaguzi hajaona. Maji ya mvua ya mapaa na ya uani yasiingizwe humo kamwe: mvua za masika huingiza mchanga na wingi wa maji ambao mabomba hayakukadiriwa kuupokea, na matokeo yake ni chemba kufumuka kwa jirani aliye bondeni. Mwenye mgahawa au anayekaanga samaki afunge kinasa mafuta, yaani kisanduku cha kuzuia mafuta yasiingie bombani. Viwanda, vikiwemo vya kuchakata sangara, vina utaratibu wao wa kusafisha kwanza, na havifai kuingizwa katika ombi la makazi.

Majibu yanaweza kuwa kwamba mtandao hauwezi kufika kwenu, na kwa miji midogo hili ndilo jibu la kawaida. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kubaki na makaro yaliyojengwa vizuri, yanayofikika kwa gari, na kuhakikisha majitaka yanayonyonywa yanapelekwa katika mabwawa ya kuyasafishia yaliyoruhusiwa. Ya pili, inayofaa kwa nyumba za shule, hospitali au mradi wa makazi wenye ardhi ya kutosha, ni mtambo mdogo wa pamoja: karo kubwa la kutuliza tope, likifuatiwa na mabwawa ya wazi au kitanda cha kokoto kilichooteshwa matete. Katika mabwawa, bakteria hula uchafu, mwani huwapa oksijeni mchana, na jua pamoja na muda mrefu wa maji kukaa humo hupunguza vimelea. Hakuna umeme unaohitajika, na kwa maoni yangu hilo lina uzito kuliko uzuri wa mitambo ya kununua.

Njia hii ya pili ina vibali vyake. Mtaomba kibali cha ujenzi katika halmashauri, mtafuata taratibu za tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kama maji yaliyosafishwa yatatiririshwa mtoni au ziwani, mtaomba kibali cha kutiririsha majitaka kwa Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, yenye ofisi zake Mwanza. Sheria hiyo ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, kwa hiyo eneo lichaguliwe mapema kwa kuzingatia umbali huo. Viwango vya taifa vinataka maji yanayotoka yasizidi miligramu 30 za BOD kwa lita (kipimo cha oksijeni ambayo bakteria huhitaji ili kula uchafu uliobaki majini), na mchoro wa mhandisi uonyeshe hesabu ya namna mtakavyofika hapo. Wakaguzi wakiwa wakali katika hili, wana sababu: jiji huchota maji yake ya kunywa Capri Point na Butimba, katika ghuba ileile inayopokea maji ya Mto Mirongo.

Kwa waliokubaliwa kuunganishwa, ankara itakuwa na mstari mpya wa majitaka unaokokotolewa kwa kufuata maji yaliyosomwa kwenye mita. Bomba linalovuja uani sasa litawagharimu mara mbili. Karo la zamani lisiachwe wazi. Linyonywe likauke, sakafu yake itobolewe ili maji yasituame, kisha lijazwe kifusi na kushindiliwa, na risiti ya gari lililonyonya iwekwe kwenye jalada moja na hati ya ukaguzi.