Mtama usio na tanini ukizaa wenye tanini: jaribu mwenyewe shambani

Huku Dodoma tunajua, mtama mchungu kweleakwelea hawaupendi sana ila na ugali wake unakukaba mdomoni. Hiyo ni tanini, inakaa kwenye kiganda chembamba chini ya ganda la nje la punje. Sasa unaweza kuchanganya mtama aina mbili, zote hazina tanini, na watoto wakatoka nayo. Inafanyika hivi.

Hatua ya 1: chagua wazazi. Usidanganywe na weupe, rangi ya juu ina jeni zake (vinasaba, vile vya kurithi toka kwa wazazi) nyingine kabisa, kuna punje nyeupe pee na tanini imo. Kwangua taratibu kwa wembe, ukikuta kiganda cha kahawia ujue tanini imo, huo usiutumie.

Hatua ya 2: changanya. Mtama unajichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa kwahiyo lazima uuwahi. Maua yanaanza kufunguka juu ya suke yanashuka siku kwa siku, sasa jioni shika yale ya kesho, kama 30 hivi, mengine kata. Kila ua lina vifuko vitatu vya chavua, vitoe kwa kibano bila kuvipasua (mimi mara ya kwanza nilivipasua, msimu mzima ukaenda bure), vika mfuko wa khaki, asubuhi kung'utia chavua ya baba alafu funika tena.

Hatua ya 3, hapa ndo wengi wanakosea: ukivuna usikwangue punje hizo ukadhani umepata jibu, kile kiganda ni mwili wa mama siyo wa mtoto. Zipande msimu unaofuata, ukwangue punje za suke litakalotoka. Ukikuta kahawia basi wazazi walipungukiwa jeni tofauti. Ziko mbili, B1 na B2, ni kama maksai kwenye nira, mmoja asipokuwepo hulimi. Huyu alikuwa na B1 nzima, yule B2, mtoto kapata zote. Usipoona kahawia, na una uhakika mchanganyo ulishika, basi wote wana ubovu kwenye jeni ileile.

Hatua ya 4: masuke ya watoto yafunike yajichavushe, panda wajukuu 160 hivi, kwangua punje mbili tatu kila suke. Katika 16, tegemea 9 zenye tanini na 7 zisizo nayo, yaani kama 90 kwa 70, haitakaa sawasawa kabisa. Ingekuwa jeni moja ungepata 120 kwa 40. Hizo 7 ni 3 zenye B1 tu, 3 zenye B2 tu na 1 haina kitu. Bateson na Punnett, wanasayansi wa urithi wa Uingereza, walikuta 9 kwa 7 hiyohiyo kwenye maua ya njegere tamu mwanzoni mwa karne ya 20.

Za kutunza mbegu chukua kwenye zile 7, zikijichavusha hazirudishi tanini. Zile 9 usiziamini bado, 1 tu ndo imetulia, nyingine 8 watoto wake watagawanyika tena.