Bia ya nyumbani: usikimbilie kujaza chupa

Mnaopika bia nyumbani hapa Dodoma, povu kuisha si dalili kwamba bia imeiva. Iache kwenye ndoo yake wiki 2 hivi, mfuniko umebana, chumba kisicho na joto la bati. Pima kwa haidromita, kifaa kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki, siku 3 mfululizo. Namba ikiwa bado inashuka, subiri: sukari iliyobaki itaendelea kuchachuka ndani ya chupa, na chupa hupasuka kweli, watoto wakiwa karibu ni hatari. Ikitulia, weka friji siku 2. Hamira itazama, ilale chini kama uji mzito. Nyonya bia ya juu kwa mpira safi, mashapo ya chini usiyaguse. Sukari ya kuleta gesi ndani ya chupa, gramu 6 kwa lita ya bia, ichemshe kwanza na maji kidogo. Wasio na friji, pikeni Juni na Julai, usiku wetu una baridi ya kutosha kusaidia.