Jinsi ya kupima uwezo wa mchakato (Cp na Cpk) bila kujidanganya

Wengi wakiambiwa wapime uwezo wa mchakato (yaani kama kazi yako inaweza kutoa vipande vilivyo ndani ya vikomo vinavyotakiwa) wanakimbilia fomula, namba ikitoka nzuri wanafurahi, kumbe mchakato wenyewe haujatulia. Usianzie hapo tafadhali. Anza na chati ya udhibiti (grafu ya vipimo kadri muda unavyoenda, yenye mistari ya juu na chini inayoonyesha mchakato uliotulia unaishia wapi), ile aliyoibuni Walter Shewhart mwaka 1924. Pima vipande 5 vilivyofuatana, subiri kidogo, pima vingine 5, endelea hivo mpaka ufikishe makundi kama 25, yaani vipimo 125. Kukiwa na nukta zilizotoka nje ya mistari tafuta kwanza nini kimetokea, manake Cpk ya mchakato unaoyumba haikuambii chochote kuhusu kesho. Na kifaa cha kupimia kikaguliwe mapema, kikiwa kibovu utalaumu mashine bure.

Sasa sigma, yaani namba inayoonyesha vipimo vyako vimetawanyika kiasi gani. Kwenye kila kundi toa kipimo kidogo kwenye kile kikubwa, tafuta wastani wa hizo tofauti, afu gawanya kwa 2.326 (hii ni ya makundi ya vipande 5 tu, ukibadilisha ukubwa wa kundi na yenyewe inabadilika).

Tuseme unachonga vyuma vya mviringo, kipenyo kinatakiwa milimita 20.00, kisizidi 20.06 wala kisishuke chini ya 19.94, na sigma yako imetoka 0.015. Cp ni upana wa vikomo gawanya kwa sigma 6, yaani 0.12 kwa 0.09, unapata 1.33. Safi, wateja wengi wanataka angalau hiyo 1.33.

Lakini ngoja kwanza, wastani wako uko wapi? Cp haijali kabisa hilo, na hapa ndo watu wanaumia. Tuseme wastani ni 20.03. Toka hapo mpaka kikomo cha juu ni 0.03, gawanya kwa sigma 3 ambayo ni 0.045, unapata 0.67. Upande wa chini ni 0.09 kwa 0.045, unapata 2. Cpk ni ile ndogo kati ya hizo mbili, kwa hiyo 0.67, na kama data inafuata mgawanyo wa kawaida (ule wenye umbo la kengele) basi vipande kama 23 kwa kila 1000 vitazidi kikomo cha juu, wakati Cp inakwambia mambo poa! Ndo maana mi nasema ziandike zote mbili kwenye ripoti. Cp nzuri na Cpk mbaya maana yake mashine ina uwezo ila imesetiwa vibaya, irudishe 0.03 tu. Zote zikiwa mbaya, hapo kuseti hakusaidii, inabidi upunguze mtawanyiko wenyewe.

Chora na histogramu (grafu ya nguzo inayoonyesha vipimo vimerundikana wapi), kama imelalia upande mmoja hiyo hesabu ya vipande 23 kwa kila 1000 usiiamini.

Ukitumia sigma ya vipimo vyote 125 kwa pamoja badala ya ile ya ndani ya makundi, majibu unayopata yanaitwa Pp na Ppk, usizichanganye na Cp na Cpk. Na ukishaseti mashine upya kusanya data mpya, ile ya zamani haihusiki tena.