Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuanzisha Tangi la Samaki Lenye Mimea Mingi

Tangi lililosheheni majani, samaki wadogo wakipita katikati ya mashina, linavutia macho, na ndiyo sababu watu hulianza kwa pupa. Haya yafanye kabla samaki hajaingia majini. Ukisubiri matatizo yaanze, utakuwa umechelewa.

Anza na meza. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 linabeba hadi lita 54, na hapo bado hujahesabu kioo, mchanga na mawe. Rafu ya vitabu si mahali pake. Liweke mbali na dirisha linalopigwa na jua. Kila waya wa umeme uache uning'inie chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili tone linaloteremka lidondoke sakafuni.

Maji ya bomba mengi hutiwa klorini au kloramini. Klorini hupotea taratibu maji yakiachwa wazi, kloramini hung'ang'ania. Hujui yako yana ipi? Tumia dawa ya kuondoa klorini inayofaa kwa zote mbili, na usibishane.

Mimea panda mingi tangu siku ya kwanza. Ukipanda miche mitatu ya kujaribia, mbolea na mwanga vitaliwa na mwani, kisha utalaumu taa. Tanguliza inayokua haraka, kama Vallisneria, Hygrophila na Ceratophyllum. Anubias na Microsorum usizifukie lile shina nene linalolala, litaoza; zifunge kwa uzi kwenye jiwe au gogo. Cryptocoryne ikimwaga majani yote baada ya kupandwa, usiing'oe. Mizizi ikiwa hai, itachipua. Kama unataka kufuga uduvi pia, mimea mipya iloweke kwenye ndoo siku kadhaa huku ukibadilisha maji, kwa sababu dawa ya wadudu iliyobaki kwenye majani huwaua uduvi. Dawa za samaki zenye shaba nazo ni sumu kwao, kwa hiyo soma lebo.

Taa saa 6 hadi 8 kwa siku zinatosha mwanzoni. Nunua swichi ya saa, maana mkono wako utasahau.

Halafu subiri. Kinyesi na mabaki ya chakula huzaa amonia. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, yenye madhara madogo zaidi. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kuenea kwenye chujio na mchangani. Mimea husaidia kunyonya amonia, lakini haikupi ruhusa ya kuruka hatua hii. Pima mpaka amonia na naitraiti zote zisome sifuri. Maji kung'aa si kipimo. Samaki wa kundi, kama tetra wa neoni, wapeleke wawe sita au zaidi, lakini usijaze tangi zima siku moja.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili ndilo linalowaangusha hata waliotimiza yote ya juu.

Jamaa yangu mmoja alikuwa na tangi la kuonewa wivu. Majani yalifika juu, na magugu madogo yanayoelea yalifunika uso wote wa maji. Akaongeza mtungi wa kaboni dayoksaidi ili mimea inenepe, na kwa kuwa alishaambiwa kwamba maji yakitikisika gesi hutoroka, akauzamisha mdomo wa chujio mpaka uso ukatulia tuli. Akawa anaamka na kuwakuta samaki wote juu, midomo ikigusa uso wa maji. Anawasha taa, anaenda kazini, jioni anarudi na kuwakuta wanaogelea kama kawaida. Akajiambia wanadai chakula cha asubuhi. Akawaongezea chakula.

Wakaanza kufa mmoja mmoja. Akapima maji: amonia sifuri, naitraiti sifuri. Basi ni ugonjwa, akasema, akamimina dawa na kuzima taa mchana kutwa kama maelekezo yake yalivyotaka. Kufikia kesho yake tangi zima lilikuwa limekufa, isipokuwa gurami mmoja. Huyo gurami ndiye aliyetoa jibu: ana kiungo cha kuvutia hewa iliyo juu ya maji. Wenzake walikosa oksijeni.

Watu hujua kwamba mimea hutoa oksijeni, wanasahau kwamba huitoa penye mwanga tu. Gizani nayo huivuta, na bakteria wa kwenye chujio na kwenye chakula kilichooza huivuta pia. Kadiri tangi linavyojaa majani ndivyo wavutaji wa usiku wanavyoongezeka. Joto nalo huchangia: maji ya nyuzi 20 hubeba takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba kama 7.5. Kwa hiyo saa mbaya kuliko zote ni alfajiri, kabla taa haijawaka, wakati wewe umelala. Ukipima mchana hutaona kitu, na vile vichupa vya amonia havipimi oksijeni hata kidogo.

Basi kabla ya kununua samaki, panga usiku wao. Mdomo wa chujio uelekeze juu mpaka uso wa maji uwe na viwimbi saa zote. Gesi kidogo itapotea, na ipotee. Mtungi wa kaboni dayoksaidi ufungwe na swichi ya saa, uzime saa moja kabla ya taa. Na hata mchana usipitishe miligramu 30 kwa lita. Pampu ya hewa iwake taa zinapozima. Magugu yanayoelea yapunguze, uso wa maji uonekane angalau nusu. Halafu amka alfajiri siku moja uangalie. Samaki wakiwa juu wote kwa pamoja, wa kila aina, tikisa maji kwanza na ubadilishe sehemu yake. Dawa iache kabatini mpaka ujue unatibu nini.

Mengine ni kuwa macho tu. Sponji ya chujio isuuze kwa maji ya tangi, si ya bomba, usije ukaua bakteria uliowasubiri wiki zote hizo. Mikono yenye sabuni au losheni isiingie. Lisha kidogo. Weka pampu ya betri karibu kwa ajili ya umeme kukatika. Na mimea unayopogoa usiitupe mtoni wala mtaroni, hata kipande: gugu maji lilitoka Amerika Kusini likipendwa kwa ua lake, na leo linaziba mito na maziwa katika mabara kadhaa. Vipande vyako vikaushe juani kwanza, ndipo uvitupe.