Venye unaeza ingiza makomredi na wafanyikazi kwa mambo ya mazingira kampasi, na hiyo kazi idumu

Vyuo mingi hapa Nairobi ziko na ile siku ya mazingira, fulana mpya, lori ya miche, mkubwa anapanda mti wa kwanza, picha zinapigwa, soda inakunywewa kwa chupa za plastiki halafu kila mtu anaenda. Ikifika Februari na lile jua, miche imekauka juu hakuna mtu aliambiwa huu mti ni wako. Hii mwongozo ni ya yule komredi, yaani mwanafunzi wa chuo, ama mfanyikazi mwenye amechoka na hiyo na anataka kitu itabaki.

Nitasema mapema venye naona mimi. Watu wanajali, hata sana. Shida ni tunaanza na watu wenye hawana funguo. Mwanafunzi anakaa miaka 4 anaenda zake, na mwaka wa mwisho kichwa yake iko kwa projekti na kutafuta kazi. Mama wa usafi, fundi wa bomba, mpishi wa mess, soja wa geti, kea-teka wa hosteli, hao wako hapo miaka kumi, ishirini, na ndio wanajua tangi gani inafurika usiku, ni ofisi gani inaacha taa wikendi yote, na pipa ya nani hujaa chakula Alhamisi. Ukiwakosa hao, hata uwe na klabu ya watu 300 kwa WhatsApp, hutagusa kitu.

Mkutano wa kwanza ni chai ya saa nne

Usiite mkutano saa kumi na moja jioni. Huo ni wakati makomredi wako huru lakini mtu wa usafi aliingia saa kumi na mbili asubuhi, sasa anawaza matatu, na mvua ikinyesha nauli imepanda. Enda saa nne asubuhi wakati wa chai, penye wao hukaa, na kama unaeza beba mandazi. Usitume imeli juu wengi wao hawana imeli ya chuo, pitia kwa supavaiza umwambie kwanza, ndio asifikirie unamzunguka. Waite mama ama mzee venye wengine wanawaita, keti chini, uliza maswali mawili tu: ni nini inaharibika hapa kila siku na inakuuma kuona? Na umewahi sema kwa nani? Halafu andika, usibishane, usieleze mambo ya mabadiliko ya tabianchi hapo. Utatoka na kazi ya mwaka mzima.

Kitu ingine muhimu, vyuo mingi usafi inafanywa na kampuni ya nje kwa tenda. Hiyo inamaanisha huyu mama unamwambia atenganishe taka, hiyo kazi haiko kwa kontrakti yake na bosi wake anaeza mfokea. Tena mara nyingi ako na biashara yake ndogo, anaokota chupa na karatasi anauzia mtu wa skrapu, hiyo pesa inamsaidia na nauli ama unga. Tafadhali, kabla uweke mapipa ya rangi rangi na useme pesa ya chupa itaenda kwa klabu, uliza kwanza hiyo pesa saa hii inaenda kwa nani. Mimi naona iendelee kwenda kwake, na nyinyi kazi yenu iwe kuhakikisha chupa zinamfikia zikiwa safi na ako na glavu. Tenda ikifika kuandikwa upya, hapo ndio mnaomba kutenganisha taka kuingie kwa kontrakti na kulipwe.

Chagua kitu moja yenye inapimika

Kama sijui wapi pa kuanzia ningeanza na maji, juu kila mtu Nairobi anaelewa mgao. Maji mingi ya hii jiji inatoka Ndakaini kule Murang'a, na mvua ikikosa huko juu tunabeba mitungi ngazi hadi orofa ya nne. Kwa hivyo hakuna mtu utahitaji kumshawishi.

Chukua chupa yenye imeandikwa vipimo, weka chini ya bomba inadondoka, hesabu dakika 10. Tuseme umepata mililita 100. Siku iko na dakika 1,440 kwa hivyo zidisha mara 144, unapata lita 14.4, na hiyo ni bomba moja, siku moja. Choo nayo huvuja bila kelele, tia rangi ya chakula kidogo kwa tangi la nyuma, usiflashi, ngoja nusu saa, ukiona rangi imeshuka kwa bakuli ujue raba ya ndani imeisha. Mfanye blok moja pekee, komredi wawili na fundi wa bomba pamoja, mkipita choo kwa choo na karatasi.

Na hapa ndio utajua ukweli wenye watu wengi hawajui: fundi anajua hizo zote. Alishaandika. Kenye hana ni washa, ile raba ndogo ya ndani ya bomba, ya shilingi chache, juu kuitoa stoo lazima fomu isainiwe na watu kadhaa na stoo yenyewe imeisha. Watu wanamwita mvivu na yeye amekaa na spana bila spea. Kwa hivyo ombi lenu la kwanza kwa idara ya majengo liwe hilo, impresti kidogo, yaani pesa ya mkononi ya kununua spea za bomba, ikae kwa fundi, na nyinyi mnasaidia kuandika nini imetumika wapi. Soma mita ya blok kabla, muone imezunguka kiasi gani kwa saa moja, pimeni hivyo tena baada ya mwezi, saa ile ile ya usiku wa manane watu wakiwa wamelala kama mnaeza, juu mita ikizunguka saa nane usiku mara nyingi hiyo ni kuvuja. Hizo namba mbili ziwekwe mlangoni kwa hosteli na jina la fundi juu kabisa. Mtu akisifiwa mbele ya watu kwa kazi yake, atawaonyesha zile zingine.

Taka

Sheria ya taka ya 2022 inasema kutenganisha taka ya kuoza na isiyooza ni lazima, na taasisi ziko ndani, si nyumba tu. Jalala la Dandora, penye taka ya Nairobi inamwagwa, ilifunguliwa 1975, ikasemekana imejaa 2001, na bado lori zinaenda huko hadi leo, watu wanaishi kando yake na watoto wanapumua ule moshi. Mtu akikuuliza kwa nini mnasumbuana na maganda ya ndizi, mwambie hiyo.

Panga siku moja ya katikati ya wiki, si Ijumaa juu wengi wanaenda nyumbani. Taka ya hosteli moja ya siku moja, turubai, glavu nzito, maski, mizani ya kuning'iniza. Mifuko ya vyoo vya wanawake usifungue, sindano na betri weka kando kabisa. Pimeni kwa mafungu: ya kuoza, plastiki, karatasi, zingine. Karibu kila mahali utapata ya kuoza ndio nzito zaidi, na hiyo ndio ina njia nyingi za kutoka, saa zingine tayari kuna mfugaji huja kuchukua ndoo za mabaki ya mess, ama mnaeza fanya mboji, ama muongee na wafugaji wa funza wa nzi askari mweusi (black soldier fly), yale mambo icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, imefanyia utafiti, hao funza wanakula mabaki halafu wanalishwa kuku na samaki. Walete wapishi siku hiyo ya kupima wajionee. Mpishi akiona ugali kilo kwa kilo imerudi, yeye mwenyewe ataanza kuuliza kama sahani zipunguzwe na mtu akitaka aongezewe.

Umeme na jikoni

Hapa wengi wanakosea shabaha. Umeme wa Kenya karibu asilimia 90 unatoka kwa mvuke wa Olkaria, mabwawa, upepo na jua, kwa hivyo kuzima taa ni vizuri na inaokoa bili, lakini moshi mwenyewe wa kampasi uko kwa kuni za jikoni, jenereta ya dizeli na magari. Kama chuo chenu kinapikia kuni, hiyo ndio vita ya maana, na mpishi ndio wa kwanza kuwaunga mkono juu ni macho yake inaumia. Maharagwe ikilowekwa usiku kucha na sufuria ifunikwe, kuni zinapungua kabla hata hamjaomba jiko jipya.

Koili nazo, zile za umeme makomredi wanapikia kwa rumu. Ya wati 1,000 ikiwaka saa moja ni yuniti moja, na najua kea-teka anataka msako. Msako unafanya makomredi wawachukie na wafiche zaidi. Watu wanapika kwa rumu juu chakula ya mess imewashinda bei. Ombeni chumba kimoja cha kupikia kila blok, kina mita yake, hapo mtaongea lugha moja na wanafunzi.

Sola inawezekana, Strathmore pale Madaraka iko nayo kwa mapaa tangu 2014, kilowati 600. Lakini usianze na sola, anza na kitu fundi wenu anaeza tengeneza.

Walimu na wakubwa

Lekchara hana taimu ya klabu nyingine, ukimwambia awe patroni atakubali na hatakuja. Mpe data. Mwambie tuko na usomaji wa mita wa miezi mitatu, ako na mwanafunzi wa projekti? Mtu wa takwimu achambue, wa lishe apime mabaki ya sahani, wa sheria asome ile kontrakti ya usafi, wa injinia afuate bomba. Hapo kazi inahesabika kwa alama na haitegemei moyo mzuri peke yake.

Kwa utawala, memo ukurasa moja, shilingi zikuje kwanza na mambo ya dunia baadaye. Mwaka wa fedha wa vyuo vya umma unaanza Julai 1, kwa hivyo ukipeleka ombi Mei umechelewa, peleka Januari. Na msiende wanafunzi peke yenu, nenda na mpishi ama fundi, aongee yeye mwenyewe.

Hii ya walimu na wanafunzi pamoja si geni hapa. Wangari Maathai alipata PhD yake Nairobi 1971, na 1977 alianzisha Green Belt Movement, lile shirika la kupanda miti, akiwa bado anafundisha anatomia ya mifugo chuoni. Vita ya kuzuia msitu wa Karura usinyakuliwe 1999, wanafunzi walitoka barabarani pia. Na kutoka kwa Green Belt chukueni kitu moja: wale akina mama walikuwa wanalipwa kidogo kwa mche wenye umeshika na unakua, si kwa kuchimba shimo. Kwa hivyo mkipanda, pandeni mvua ikianza, Machi-Aprili ama Oktoba-Novemba, miti ya kienyeji kama muringa na muiri, michache yenye mtaeza kunyweshea, kila mti na mtu wake, nusu mfanyikazi nusu komredi juu likizo ikifika komredi hayuko. Zawadi itolewe Machi inayofuata mkihesabu iliyo hai.

Kupokezana

Viongozi wawe wa mwaka wa pili, wa nne wabaki washauri tu. Makamu wa mwenyekiti awe mfanyikazi, na ninamaanisha fundi ama mpishi ama mama wa usafi. Faili ya karatasi, iko na usomaji wote wa mita, memo zote, namba za simu za stoo na supavaiza, ikae kwa ofisi ya kea-teka na si kwa simu ya mtu. Septemba mafresha wakiingia, wiki ya kwanza, huyo makamu ndio anawatembeza kuonyesha tangi, mita na jikoni, halafu mnasoma mita pamoja na mnaandika tarehe.