Kinga ya upepo ya jiko dogo la kambini

Ukipiga hema mahali pa wazi, upepo ndio unaokula mafuta: moto unalala upande, maji hayachemki. Kinga ya kununua si lazima. Chukua trei ya foili ya kuokea, ile kubwa ya kutupwa, ukate kitako chake kwa mkasi; hicho ndicho kitakuwa kinga. Foili ya jikoni nayo inafaa ukiikunja mara tatu au nne. Kunja kingo zote, maana zinakata vidole kama wembe.

Kwa jiko la spiriti, zungusha duara kamili ukiacha nafasi ya sentimita 1.5 kati ya kinga na sufuria. Sufuria yenye kipenyo cha sentimita 12 inataka ukanda wa kama sentimita 50, pamoja na sehemu ya kupandiana, ambayo utaibana kwa klipu za chuma za karatasi. Kimo kifike katikati ya sufuria. Toboa matundu chini kwa msumari. Bila hewa moto unafifia na kutoa masizi.

Jiko la gesi linalokaa juu ya mtungi wake ni habari nyingine. Hilo usilizungushie kabisa! Joto likinaswa humo, mtungi unaweza kupasuka. Weka kinga nusu duara tu upande wa upepo, na uguse mtungi mara kwa mara: ukiwa wa moto, zima.

Kisha kinga isiwe kisingizio cha kupikia ndani ya hema. Kaboni monoksidi, hewa ya sumu inayotoka kwenye moto, haina harufu.